Kutoa Dawa, Rangi na Harufu Katika Mimea: Tuchague Kiyeyushi Kisichotuumiza

Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kijijini kinatengeneza sabuni ya mwarobaini, mafuta ya kuchua ya mkaratusi, ama dawa ya kunyunyizia sukuma wiki. Ni kazi nzuri. Mimea iko karibu, mtaji si mkubwa, na faida inabaki kijijini. Lakini tukitembelea vikundi, swali moja linarudi kila mara: "Ile nguvu iliyo ndani ya jani, tutaitoa namna gani?" Na hapo ndipo watu hupewa mashauri ya kila aina. Mmoja anaambiwa aloweke kwa petroli, ati inatoa haraka. Mwingine anaambiwa atumie mafuta ya taa. Wa tatu ananunua spiriti ya kuwashia, anailoweka majani, kisha anauza kama dawa ya kifua.

Makala hii inahusu hicho tunacholowekea. Neno letu kubwa ni hili: kile unachotumia kutoa dawa katika mmea hakipotei baada ya kazi. Kingine kinabaki katika chupa mnayouza, kingine kinaingia mapafuni mwa yule anayekoroga, kingine kinamwagwa na kufika mtoni. Kwa hivyo kukichagua vizuri ni jambo la kwanza, kabla ya kufikiria bei na lebo.

KIYEYUSHI NI NINI?

Kila asubuhi tunafanya kazi hii bila kuipa jina. Tunachemsha maji, tunatia majani chai, na maji yanavuta rangi, ladha na ule ukali unaotuamsha. Majani tunayatupa, maji tunakunywa. Hapo maji yamekuwa kiyeyushi. Kiyeyushi ni kitu cha majimaji kinachoingia ndani ya mmea, kikayeyusha kitu fulani na kutoka nacho.

Lakini si kila kitu hukubali kutoka na maji. Ukiuma pilipili kali ukanywa maji, mdomo unaendelea kuwaka. Ukinywa maziwa, unapata nafuu. Sababu moja ni kwamba ule ukali wa pilipili haupatani na maji, bali unapatana na mafuta, na maziwa yana mafuta kidogo. Bizari nayo, ukiitia katika mafuta ya moto rangi inasambaa mara moja. Ukiitia katika maji baridi, unga mwingi unatulia chini.

Sheria ni rahisi: vitu vya jamii moja hupatana. Vilivyo na tabia ya maji hutoka na maji, na vilivyo na tabia ya mafuta hutoka na mafuta au na kitu kinachofanana na mafuta. Kwa hiyo kabla hamjachagua kiyeyushi, ulizeni kwanza: tunatafuta kitu gani ndani ya mmea huu, nacho kiko upande gani?

VIYEYUSHI VYA VIWANDANI NA MADHARA YAKE

Tuchukue mfano wa pareto, maua ambayo ndugu zetu wa Nakuru, Nyandarua na Kisii wanayajua sana. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa zao hili. Sumu ya wadudu iliyo katika ua la pareto inaitwa pairethrini, nayo haipatani na maji. Ndiyo maana viwanda huitoa kwa heksani, maji mepesi yanayotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Heksani hutumiwa pia duniani kutoa mafuta ya soya na dawa nyingine za mimea. Inapendwa kwa sababu inayeyusha mafuta vizuri sana, tena huchemka kwenye nyuzi 69 hivi tu za Selsiasi, kwa hivyo ni rahisi kuiondoa na kuitumia tena.

Wepesi huo ndio ubaya wake pia. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni mpaka ufike palipo na jiko au kiberiti, na hapo nyumba nzima inashika moto. Na mtu anayeivuta siku baada ya siku huharibika mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Miguu inakufa ganzi, mikono inaishiwa nguvu. Mwaka 2009, katika kiwanda kimoja mjini Suzhou, China, wafanyakazi zaidi ya 100 waliokuwa wakipangusa vioo vya simu kwa heksani walipatwa na ugonjwa huo. Hawakuinywa. Waliivuta tu katika chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Petroli ya gari ina heksani ndani yake, tena ina benzini. Historia ya benzini inatufundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani mmoja mfanyabiashara wa kahawa, Ludwig Roselius wa Bremen, alipata njia ya kuondoa kafeini katika kahawa kwa kutumia benzini. Kahawa ikauzwa, watu wakanywa. Baadaye ilijulikana kwamba benzini husababisha saratani ya damu, na njia hiyo ikaachwa. Kwa hivyo mtu akiwaambia mloweke majani kwa petroli kisha mwiache "ipepee", mjue kwamba haipepei yote. Na ile inayopepea inapitia puani mwenu.

Cha tatu ni methanoli. Hii ni ndugu ya ethanoli, ile pombe ya kawaida. Zinafanana rangi, na harufu zake ni vigumu kuzitofautisha. Methanoli hupofusha macho na kuua. Hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2014 msiba kama huo ulirudi katika kaunti kadhaa. Sasa, spiriti ya kuwashia mara nyingi hutiwa methanoli kwa makusudi ili isinywewe. Kuloweka majani ndani yake na kuyaita dawa ya kunywa ni kumpa jirani sumu kwa kijiko.

"KISAFI" MAANA YAKE NINI?

Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kemia isiyoharibu mazingira. Mojawapo inasema kwamba viyeyushi viepukwe panapowezekana, na vikitumiwa viwe visivyodhuru. Sisi tunaipunguza kanuni hiyo iwe maswali manne ambayo kikundi chochote kinaweza kujiuliza:

1. Kimetoka wapi? Kimetoka katika mafuta ya petroli, au katika kitu kinachoota tena kama miwa, alizeti au nazi?

2. Kinamfanya nini anayekishika? Je, akina mama wanaokoroga wanaweza kukivuta puani na kukigusa bila kuumia? Je, kinashika moto haraka?

3. Kinabaki wapi? Kikibaki kidogo katika sabuni au mafuta, mtumiaji atadhurika? Kikimwagwa, samaki na ng'ombe watadhurika?

4. Kinarudi kutumika, au ni kumwaga na kununua kingine kila wiki?

Angalieni kwamba hatujauliza kama kitu ni "cha asili". Asili peke yake si usalama. Pareto ni ua, lakini dawa yake inaua samaki ikifika bwawani. Mafuta ya mwarobaini yanatoka kwenye mti, lakini watoto wachanga waliowahi kunyweshwa mafuta hayo waliugua vibaya sana na wengine wakafa. Basi tusiuze kitu kwa neno "asili" tu.

VIYEYUSHI VINNE VYA KIJIJINI

1. Maji

Maji ni rahisi, hayashiki moto, na yakimwagika hayana hatia. Kwa mwarobaini yanafaa sana. Kitu kinachozuia wadudu kula na kukua, kiitwacho azadiraktini, kiko zaidi ndani ya mbegu, nacho hutoka na maji kiasi cha kutosha kazi ya shamba. Fanyeni hivi: ondoeni maganda ya mbegu zilizokauka kivulini, zisiwe na ukungu. Twangeni kiini kiwe unga. Chukueni nusu kilo ya unga kwa lita 10 za maji, mloweke usiku mmoja. Asubuhi chujeni kwa kitambaa safi, mtie sabuni kidogo ili dawa ishike majani, na mnyunyizie siku hiyo hiyo jua likishapoa. Jua kali linaharibu azadiraktini, na maji haya hayawekeki. Msitengeneze ya mwezi mzima.

Ubaya wa maji ni huo: hayahifadhi. Kitu kilichotolewa kwa maji huchacha na kuota ukungu upesi. Tena moto huharibu vitu vingine. Hilo tutalieleza mbele kidogo.

2. Mvuke

Mafuta ya harufu, kama ya mkaratusi, mchaichai na mnanaa, hutolewa vizuri kwa mvuke. Maji huwekwa chini ya pipa, majani yanakaa juu ya wavu yasiguse maji, na mfuniko unabanwa. Mvuke hupita katikati ya majani, unabeba mafuta, unaingia katika bomba lililopitishwa ndani ya maji baridi, na huko unageuka tena kuwa majimaji. Katika chupa ya kukingia, mafuta ya mkaratusi yanaelea juu ya maji na mnayatenga kwa urahisi. Mafuta ya karafuu ndiyo huzama chini. Kule Pemba hutolewa kwa njia hii hii kutoka kwa makonyo na majani.

Mtu atauliza: kitu kikuu katika mafuta ya mkaratusi huchemka kwenye nyuzi 176. Mbona kinatoka kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100? Ni kwa sababu maji na mafuta yakiwa pamoja husaidiana kusukuma, na huchemka pamoja chini ya nyuzi 100. Kwa hivyo mafuta yanatoka bila kuungua na bila petroli wala heksani.

Kielelezo kizuri kiko Kakamega. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, kinapanda mmea wa jamii ya mrehani uitwao kwa jina la kisayansi Ocimum kilimandscharicum. Wakisaidiwa na watafiti wa ICIPE, hutoa mafuta yake kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, ambayo iliandikishwa rasmi. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakuingia msituni kukata. Walipanda mashambani mwao, na hiyo ni nusu ya ushindi wao.

Lakini mvuke unakula kuni. Kilo 100 za majani mabichi ya mkaratusi hutoa mafuta ya kati ya nusu kilo na kilo 2, kulingana na aina na majira. Kikundi kikikata msitu ili kichemshe majani, kimeondoa sumu kwenye chupa na kuleta jangwa kijijini. Hesabuni kuni kabla ya kujenga mtambo. Majani yaliyokwisha kutolewa mafuta yakikaushwa hutumika kama kuni za siku inayofuata, au huwekwa kwenye mbolea ya mboji. Tena bomba lisizibe hata kidogo. Pipa lililofungwa likiwa na mvuke hulipuka. Na pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu lisitumike kamwe, hata likioshwa mara saba.

3. Mafuta ya kupikia

Alizeti, simsim na nazi ni viyeyushi tulivyo navyo jikoni. Vinafaa kwa ukali wa pilipili, kwa rangi ya bizari, na kwa mbegu za mzingefuri, ambazo wakulima wa Kwale huziita bixa. Rangi nyekundu ya mbegu hizo hutiwa katika siagi na jibini, nayo hutoka vizuri na mafuta ya moto wa wastani.

Kwa mafuta ya kuchua ya pilipili, tumieni pilipili kavu kabisa. Sehemu moja kwa uzito iwe pilipili iliyosagwa, na sehemu tano ziwe mafuta. Wekeni sufuria ya mafuta ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, muache kwa saa moja au mbili, kisha mchuje kwa kitambaa. Mkitaka ishike kama jeli, yeyusheni nta ya nyuki ndani yake, sehemu moja ya nta kwa tano za mafuta. Isipakwe karibu na macho, wala kwenye kidonda, wala kwa watoto. Anayesaga avae glavu na kufunga pua kwa kitambaa.

Tahadhari moja kubwa: msiweke kitu kibichi, kama kitunguu saumu au pilipili mbichi, ndani ya mafuta ya kula na kukiacha siku nyingi rafuni. Chini ya mafuta hakuna hewa, na huko huweza kukua kijidudu kinachotengeneza sumu kali sana isiyo na harufu wala ladha. Ndiyo maana tunasisitiza: mmea uwe mkavu.

Faida ya mafuta ni kwamba hakuna haja ya kuyaondoa. Kiyeyushi chenyewe ndicho bidhaa. Mnaoogopa gharama, hapo ndipo pa kuanzia.

4. Ethanoli na glisirini

Ethanoli safi ni pombe inayotokana na mimea. Hapa Kenya hutengenezwa kwa molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari. Ikichanganywa na maji huvuta vitu vya upande wa maji na vingi vya upande wa mafuta kwa pamoja, tena inahifadhi bidhaa isioze. Mwili unaweza kuvumilia mabaki yake kidogo, tofauti na methanoli.

Hata hivyo ina masharti. Inashika moto haraka, kwa hivyo isipashwe kamwe juu ya jiko la moto wazi. Inunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, iwe ile ya kiwango cha chakula au dawa, na risiti iwekwe na mweka hazina. Kuitoa wenyewe kwa mtambo wa kienyeji bila leseni ni kosa la jinai, tena huwezi kujua umetoa nini. Kwa kikundi kidogo tunashauri glisirini, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya ngozi. Inatokana na mafuta ya mimea au wanyama katika utengenezaji wa sabuni, haishiki moto kirahisi, na ikichanganywa na maji huvuta rangi na dawa nyingi kwa ajili ya sabuni na mafuta ya ngozi.

WAKATI MWINGINE HAKUNA HAJA YA KIYEYUSHI

Tumesema pareto haitoki na maji. Je, mkulima afanye nini? Zamani sana, kabla ya heksani, watu walikausha maua ya pareto, wakayasaga, na kunyunyiza unga huo mahali penye viroboto na kunguni. Unga unafanya kazi wenyewe. Dawa iliyo bora kuliko zote kwa upande wa kiyeyushi ni ile isiyohitaji kiyeyushi. Kaushieni kivulini, sageni, wekeni katika mkebe uliofungwa mbali na jua, maana jua linaiua nguvu ya pareto. Kazi ya kutoa pairethrini tupu iachiwe kiwanda chenye mitambo iliyofungwa, na mkulima apiganie bei nzuri ya maua makavu.

KIYEYUSHI SALAMA KISICHOTOA KITU NI HATARI PIA

Hapa tunaomba usikivu, kwa sababu linahusu malaria.

Mwaka 1971, mjini Beijing, mama mmoja mtafiti aitwaye Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia. Alipochemsha mmea kwa maji, hakupata nguvu ya kutegemewa. Akasoma kitabu cha mganga wa Kichina wa karne ya 4, Ge Hong, kilichosema mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakikutaja kuchemsha. Tu akawaza kwamba pengine moto ndio unaoharibu. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na dawa ikatoka. Ndiyo artemisinini, ambayo imeokoa mamilioni ya watu, naye akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Lakini etha ni hatari. Tu na wenzake walifanya kazi katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, na baadhi yao wakaugua.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kiyeyushi na joto ndivyo vinavyoamua kama utapata dawa au utapata maji ya kijani tu. Pili, chai ya artemisia inayotengenezwa nyumbani haina kipimo kinachojulikana. Kikombe hiki kina dawa nyingi, kile kina kidogo. Mgonjwa anaweza kujisikia nafuu huku vijidudu vya malaria vimebaki na kuzoea dawa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea huo kwa njia zisizo za kiwanda cha dawa, iwe kutibu au kuzuia malaria. Basi mtoto mwenye homa apelekwe zahanati apimwe. Kikundi kisiuze chai hiyo kama tiba. Afadhali tupoteze mauzo kuliko kumzika mtoto wa jirani.

MAMBO MAPYA YANAYOKUJA

Vikundi havitanunua mitambo hii kesho, lakini ni vizuri kuijua, maana wanunuzi wa nje wanaanza kuuliza bidhaa imetolewa kwa nini.

Ya kwanza ni hewa ya ukaa, gesi ile ile inayofanya soda itoe povu. Hapa kwetu, kule Kereita katika Lari, gesi hiyo hutoka ardhini na huuzwa kwa viwanda. Ikipashwa kupita nyuzi 31 na kubanwa zaidi ya mara 73 ya uzito wa hewa ya kawaida, inakuwa si gesi wala si maji. Inapenya kama gesi na kuyeyusha kama majimaji. Ukiifungulia, inaruka yote na kuacha mafuta safi ya mmea. Mjerumani Kurt Zosel ndiye aliyegundua kwamba inaondoa kafeini katika kahawa, na leo kuna kahawa isiyo na kafeini inayotengenezwa kwa gesi hiyo au kwa maji. Mlolongo ulioanza na benzini umefika kwenye gesi ya soda. Shida ni bei ya mtambo: nguvu hiyo ni zaidi ya mara 30 ya upepo wa gurudumu la gari, na si kazi ya kuchomelea kwa fundi wa kijijini.

Ya pili inashangaza. Mwaka 2003, Andrew Abbott na wenzake huko Leicester, Uingereza, walieleza mchanganyiko wa unga wa aina mbili: kolini kloridi, ambayo hutiwa katika chakula cha kuku, na urea, ile tunayoijua kama mbolea. Peke yake, ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 302 na ya pili kwenye nyuzi 133. Zikichanganywa kwa kipimo sahihi, huyeyuka kwenye nyuzi 12, yaani zinakuwa majimaji juu ya meza. Watafiti wengine wanatumia sukari na asidi kama ya ndimu kwa namna hiyo, na wanatoa rangi na dawa za mimea. Shida iliyobaki ni kwamba majimaji haya hayapepei, kwa hivyo ni vigumu kutenganisha dawa nayo. Tafadhali msijaribu mbolea jikoni. Tumeieleza ili mjue kwamba hata wakubwa wanaondoka kwenye petroli.

KABLA YA KUUZA

Kutumia dawa ya mwarobaini katika shamba lenu ni jambo moja, kuuza ni jingine. Sabuni na mafuta ya ngozi hupitia Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS. Kinachoitwa dawa ya binadamu hupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa ya wadudu hupitia bodi ya udhibiti wa dawa za wadudu. Huko kote mtaulizwa mlitumia kiyeyushi gani. Kikundi kilichoandika kila kitu katika daftari, tarehe, kipimo na risiti, kitajibu bila kutetemeka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya vitu tunavyotengeneza, ni kiyeyushi gani tunatumia? Tukipitishe katika yale maswali manne.

2. Je, kuna mwanakikundi anayesikia kizunguzungu, ganzi au kikohozi baada ya kazi? Tumewahi kumwuliza?

3. Maji na masalio tunamwaga wapi? Nani anateka maji chini ya hapo?

4. Tukiacha petroli, mafuta ya taa au spiriti ya kuwashia, bei yetu itapanda kwa kiasi gani, na tutamwelezaje mnunuzi?

Kwa mkutano ujao fanyeni jaribio hili la dakika chache. Leteni glasi mbili, moja ya maji na moja ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Tieni kijiko kimoja cha bizari katika kila moja, koroga, na muache unga utulie chini wakati mnasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Kisha kila mmoja aangalie rangi iliyobaki juu. Mwenye elimu na asiye nayo wataona jambo moja, na mazungumzo yenu yaanzie hapo.